Mama wa Kukodi

Mama alikuja ubalozini amevaa nguo zake za msibani.

Kitinda alimwona tangu pale mlangoni, mlinzi akimpokea mkoba aupitishe kwenye mashine. Gauni jeusi, mtandio mweusi, viatu vyeusi ambavyo havikuvaliwa tangu siku alipozikwa Baba. Mwanamke mwenye kabati la magauni ya kila rangi alikuwa ameamka asubuhi, akafungua kabati lile na kuchagua hilo moja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa amekuja kuzika nini.

"Shikamoo Mama," Kitinda alisema, akisimama.

"Marahaba. Nikae wapi?"

Pembeni ya Kitinda, mchumba wake Fundi naye alikuwa ameshasimama, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Alimwamkia kwa adabu zote alizonazo. Mama alimtazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka kwenye nywele, akashuka tena, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie mimi sijamzaa. Asiniite Mama."

Akaketi katikati ya benchi, pale pale walipokuwa wamekaa wao wawili, mkoba ameupakata mapajani. Wakabaki mmoja huku na mmoja kule, Mama ameziba kati. Fundi hakujua akae au aendelee kusimama, basi akaona heri akateke maji kwenye lile dumu la baridi lililokuwa kona ya chumba. Akamletea kwa mikono miwili. Mama akapokea, akashukuru, akayamimina yote kwenye chungu cha ua lililokuwa karibu naye, akamrudishia kikombe kitupu.

"Ua lilikuwa na kiu," alisema.

Kitinda alifumba macho. Leo, katika chumba kile chenye kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa, maisha yake yote yalikuwa mdomoni mwa mwanamke huyu. Afisa wa viza alikuwa amesema wazi: mama mzazi aje mwenyewe azungumze, na baada ya hapo ama viza itoke Kitinda amfuate mwanamume anayempenda, ama faili ligongwe muhuri wa udanganyifu na mlango ufungwe kwa miaka. Na Mama, alipoombwa, hakukataa kuja. Laiti angekataa! Alisema tu, huku akikunja nguo zilizokauka: "Nitakuja. Mimi ni mwalimu. Nikiulizwa swali nitalijibu." Neno hilo lilimtisha Kitinda kuliko kama angepigwa kofi.

Sasa tuseme yaliyokwisha kupita, maana balaa hili halikuanguka kutoka mbinguni. Lilipikwa, na mpishi alikuwa Kitinda mwenyewe.

Kitinda ni jina aliloitwa na kila mtu, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, aliyefunga kizazi cha Mama. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili chini ya jengo la ghorofa saba. Lifti ya jengo hilo ilikuwa imekufa siku nyingi, ndipo kampuni moja ya ng'ambo ikaleta watu wake kufunga mpya, na miongoni mwao alikuwa huyu Fundi, mrefu, mpole, Kiswahili chake chote kakiokota kwa vibarua wa mjengo. Siku ya kwanza aliomba achomeke mashine yake ya kutobolea kwenye umeme wa saluni. Kitinda akamruhusu. Umeme ukakatika saluni nzima, mteja akiwa chini ya kikaushio na dawa kichwani. Kitinda alimtukana siku hiyo mpaka wateja wakamwonea kijana wa watu huruma. Kesho yake akarudi kuomba radhi. Kesho kutwa akarudi kuuliza kama radhi ilipokewa. Baada ya hapo akawa anarudi bila sababu, anakaa kwenye benchi la wateja, anatazama vidole vya Kitinda vikigawa nywele mistari. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wateja walijua kabla ya wenyewe.

Mama alipojua, vita vikaanza. Na alikuwa na haki ya kuogopa, tusimwonee. Binti yake mkubwa alishaolewa huko huko ng'ambo, akasema atakuja kila mwaka. Mwaka wa kwanza alikuja. Sasa Mama ana wajukuu wawili ambao akiwapigia simu kuwauliza hali, wanatikisa vichwa, kama kwamba simu ina macho. Neno la kumjibu hawanalo, hawakufundishwa. Mama akimaliza simu hizo huwa anaenda kufua hata vitu visafi. Kwa hiyo Fundi alipobisha hodi mlangoni pake, Mama hakuona mkwe. Aliona mwizi yule yule karudi kuchukua kilichobaki.

Mkataba wa kazi ukaisha, Fundi akarudi kwao, na mipango ya viza ikaanza. Lakini kabla hajaondoka walifanya kasherehe ka uchumba pale saluni, viti vimesogezwa, maputo yamefungwa kwenye vikaushio. Mama aliombwa, akasema siku hiyo ana shughuli. Na hapo ndipo Kitinda alipotumia akili nyingi kupita kiasi. Mteja mmoja alimwambia kwamba ubalozi hutaka picha za familia, na bibi harusi asiye na mama pichani huonekana wa kununuliwa. Basi Mwenye Nyumba, yule mama mnene mcheshi aliyempangisha saluni, akakubali kusimama kama mzazi. Kwani shida iko wapi, alisema, picha si picha tu? Akapiga picha amemkumbatia Kitinda, amemkumbatia Fundi, amewakumbatia wote, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Njia ya mwongo ni fupi. Fundi alichukua likizo akaja kwa ajili ya mahojiano, wakahojiwa kila mmoja chumba chake. Kitinda akaonyeshwa picha, akaulizwa huyu ni nani. Akajibu bila kupepesa: "Mama yangu." Chumba cha pili Fundi akaonyeshwa picha ile ile. Akajibu: "Mwenye nyumba ya saluni."

Waligombana pale pale nje kwenye ngazi za ubalozi, watu wakipita. Kitinda alimwuliza kama kichwa chake kina nati zilizolegea. Alimwuliza kwa nini asingenyamaza, kwa nini asingesema hakumbuki. Fundi alisubiri amalize, kama anavyosubiri siku zote, kisha akasema, "Mimi nafunga lifti. Waya mmoja ukidanganya, watu wanakufa. Niliulizwa, nikajibu."

"Basi kaioe hiyo lifti," Kitinda alisema, akaondoka.

Walikuwa hawajapatana vizuri tangu siku ile. Walisalimiana, walipanga saa ya kukutana, basi. Leo asubuhi alipomwona amesimama nje ya lango la ubalozi kwa shati lake jeupe lenye mikunjo ya begi, alitamani amnyooshee kola. Mkono ukakataa kwenda. Sasa Mama alikuwa katikati yao na hata hilo la kola lilikuwa limeshindikana.

Mlango ukafunguliwa. Afisa akawaita mama na binti. Mwanamume, alisema, atasubiri.

Kilikuwa chumba kidogo chenye ukuta wa kioo. Aliye ndani alimwona aliye nje, na aliye nje alimwona aliye ndani, lakini sauti haikupita. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kwa mnyororo kifuani, na alikisema Kiswahili kwa usahihi wa mtu aliyekisomea, hakuna herufi aliyoimeza. Alimkaribisha Mama kwa heshima, akamweleza kwamba atamwuliza maswali, na kwamba majibu yake yatawekwa kwenye faili. Mama akasema maswali ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, aulize.

Afisa akaweka picha mezani.

Mama aliichukua picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamwona mwanamke aliyekaa kwenye nafasi yake. Kidole chake kikatua juu ya tumbo la Mwenye Nyumba, kikapanda polepole mpaka kwapani.

"Hili gauni," alisema.

Kitinda akainamisha kichwa.

"Gauni langu la kijani. Nimelikuta kabatini limepasuka hapa, nikajiuliza nimenenepa lini." Alimgeukia mwanawe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Kumbe ulimvisha. Ulifungua kabati langu, ukachukua gauni langu, ukamvisha mwanamke mwingine, ukamwita mama."

"Mama, ulikataa kuja."

"Nilikataa kuja. Sikufa."

"Ningefanyaje? Nilikuomba mpaka nikapiga magoti. Ulisema una shughuli. Shughuli yenyewe nikaja kuambiwa ulikuwa unapanga upya kabati la vyombo."

"Lilikuwa limevurugika."

"Basi na mimi nilikuwa nimevurugika, Mama. Kabati lako ukalionea huruma, mimi hukuniona."

Afisa aligonga meza kidogo kwa kalamu. Mama akairudisha picha, akaigeuza uso chini.

"Nimefundisha hesabu miaka mingi," alimwambia Afisa. "Mtoto akikosa jibu simpigi. Akinakili la mwenzake, nampiga. Huyu kanakili mama. Andika hivyo. Huyo mwanamke simjui, sijawahi kumwona, na mimi kwenye sherehe hiyo sikuwepo. Mama wa kukodi."

Afisa akaandika. Kitinda aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi na akajua kila mkwaruzo unafunga bawaba moja ya ule mlango. Aliinua macho akatazama kioo. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, viwiko magotini, anawatazama. Hakusikia chochote, lakini uso wa Kitinda aliusoma, maana aliinuka nusu kama anayetaka kuja, halafu akakumbuka alivyoambiwa, akakaa. Macho yao yakakamatana. Hasira zote za siku zile, za lifti na waya na nati, zilimtoka Kitinda bila kuaga. Alichobaki nacho ni hamu ya kumsogelea tu, ajiegemeze kwenye lile shati lenye mikunjo, wasiseme neno.

"Kwa nini hukuhudhuria?" Afisa alimwuliza Mama.

"Kwa sababu simtaki."

"Humtaki nani?"

"Yule." Mama alimwonyesha kwa kidevu, hata kidole hakustahili. "Nisikilize, afisa. Umeniita niseme ukweli, nitakupa wote, hata usioutaka. Mimi yule kijana simtaki tangu siku ya kwanza. Alikuja kwangu na kikapu cha matunda. Nikakipokea, nikamwita jirani, nikampa mbele ya macho yake. Ungedhani mtu ataelewa. Wiki iliyofuata karudi."

"Na kikapu?"

"Na kikapu. Siku nyingine alikuja, mvua ikamkuta barazani. Sikumfungulia. Nikafunga na dirisha. Akasimama pale mpaka mvua ikaisha, akapiga hodi, akaniamkia, akaniuliza kama nyumba haivuji."

Afisa aliivaa miwani yake. Mama alikuwa ameanza kupata moto, mtandio umemteleza begani hana habari nao.

"Nikamwambia binti yangu kachumbiwa na daktari. Uongo huo niliusema, nao uandike, mimi siogopi. Akanipa hongera. Akauliza daktari wa nini. Mimi nikasema wa masikio. Wiki iliyofuata kaja, anasema sikio lake linawasha, anaomba nimwelekeze kwa huyo daktari."

Kitinda alijifunika mdomo. Hakujua kama anataka kucheka au kulia. Hadithi hii hakuwahi kuisikia. Fundi hakuwahi kumwambia hata moja ya hizi. Yeye alidhani alifukuzwa mara mbili tatu, akakata tamaa, akamwachia yeye Kitinda ashughulike na mama yake.

"Siku moja kaja, huyu hayupo, yuko saluni kwake," Mama aliendelea. "Nikaona leo ndiyo leo. Nikamkalisha jikoni nikamwambia yote. Kwamba yeye ni mtu wa kupita. Kwamba ana mke kwao, wote wana wake kwao. Kwamba atamtumia mwanangu kama taulo la hoteli. Nilimtukana mpaka maneno yakaniishia, na mimi si mtu wa kuishiwa. Unajua alikuwa anafanya nini muda wote huo? Anakaza mlango wa jiko. Bawaba ilikuwa imelegea. Mimi natukana, yeye anakaza. Nilipomaliza, akaufungua akaufunga, akaufungua akaufunga, akaniambia sasa haulii tena. Akaondoka."

"Na aliporudi kwao?"

"Ndipo nikasema ahsante Mungu, nimepona. Jumapili ya kwanza, simu. Shikamoo Mama. Nikakata. Jumapili nyingine, simu. Nikakata. Kila Jumapili mpaka leo. Hana jipya, shikamoo, umeamkaje, nakata."

Afisa alimtazama juu ya miwani. "Simu zina namna ya kuzuia namba ya mtu asikupate."

Mama akatengeneza mtandio wake. Alichukua muda mrefu kuutengeneza.

"Sijui kuzuia," alisema.

Kitinda alimtazama. Mama aliyewafundisha nusu ya majirani kutumia simu zao, anayewatumia walimu wenzake wastaafu picha za salamu kila alfajiri, alikuwa hajui kuzuia namba. Afisa hakuliandika jibu lile.

Aliweka kalamu chini.

"Mama, nitakuambia kitu kuhusu kazi yangu," alisema. "Watu wengi huja hapa na ndoa zisizo na watu ndani yake. Wamelipana, wamepanga majibu, picha ni nyingi na nzuri. Na katika ndoa hizo, kina mama wote wanatabasamu. Wanampenda mkwe, wanamsifu, hawana neno. Sijawahi kumpata mama aliyekuja kunieleza alivyomwacha mkwe wa bandia kwenye mvua."

Kitinda aliona rangi ikimbadilika Mama usoni alipoanza kuelewa. Alikuwa amekuja na mawe mkobani kuivunja nyumba ya watu, na mawe yale moja baada ya jingine alikuwa ameyapanga mwenyewe kuwa msingi.

"Sikusema hayo kumsaidia," alisema kwa ukali.

"Najua. Ndiyo maana nayaamini. Lakini binti yako alinidanganya usoni, na hilo siwezi kulipuuza. Kwa hiyo nina swali moja la mwisho, na nitafuata jibu lako. Wewe umemjua huyu kijana kwa ubaya kuliko mtu yeyote hapa. Je, anampenda binti yako?"

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa jepesi: hapana. Au hata sijui. Nani angemlaumu? Mama angesema sijui, wangetoka nje, mlango ungefungwa, na kitinda mimba wake angebaki saluni kwake, mtaa wa pili, aje kula kwa Mama kila jioni, azeeke karibu. Alichokuwa anakitafuta tangu siku ya kikapu cha kwanza kilikuwa kimewekwa mbele yake mezani, anyooshe mkono tu akichukue.

Mama aligeuka akatazama kioo. Fundi, aliyekuwa hajui kinachosemwa, alimwona mama mtu mzima anamtazama, na kwa kuwa alilelewa vizuri huko alikolelewa, alisimama. Alisimama wima, mikono nyuma, akasubiri. Mama alimtazama muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Anampenda. Ndiyo maana namchukia. Asingempenda angeshaondoka zamani, nami ningebaki na mwanangu."

Kisha akainuka, akachukua mkoba wake, akauliza kama kuna mahali pa kuweka sahihi.

Afisa alimwambia Kitinda kwamba uongo wake utabaki kwenye faili kama ulivyo, na maneno ya mama yake yatabaki kama yalivyo, na kwamba ya pili ni mazito zaidi. Viza itatoka. Arudi Alhamisi kuchukua pasipoti. Kitinda alisikia yote hayo kwa mbali, kama mtu aliye chini ya kikaushio. Alikuwa amelisubiri neno hilo mwaka mzima, amelifanyia mazoezi ya kupiga kelele mbele ya kioo cha saluni, na sasa limetoka, na yeye alikuwa anatazama mgongo mweusi wa Mama ukitoka mlangoni.

Alimkimbilia, akamkuta nje penye jua kali, kwenye zile zile ngazi. Fundi alikuwa amewafuata, akabaki hatua chache nyuma. Kitinda alinyoosha mikono.

"Usinishike," Mama alisema.

"Mama, ahsante."

"Ahsante ya nini? Niliulizwa, nikajibu. Sijakubali, na wewe sijakusamehe. Mwanamume anaweza kunichukulia mtoto, hayo yapo, yalianza kabla yangu. Lakini kiti changu ulikitoa wewe kwa mikono yako."

"Nilikosa, Mama."

"Ulikosa." Aligeuka kwa Fundi, akamtazama safari hii usoni tu, viatu akaviacha. "Na wewe. Mkipata watoto, wakinitikisia vichwa kwenye simu, nitakuja huko huko kwenu nikuchape wewe, siyo wao. Umenisikia?"

"Nimesikia, Ma—" Fundi alijishika. "Nimesikia, Mwalimu."

Ilionekana kwamba kutoitwa Mama, jambo alilolidai mwenyewe, hakukumfurahisha alivyotegemea.

"Siku ya safari msinitafute kuniaga," alisema. "Nitakuwa na kazi."

"Kazi gani, Mama?" Kitinda aliuliza.

"Nitaitafuta."

Akashuka ngazi. Hakugeuka nyuma. Alitembea kwa ile hatua yake ya darasani, mgongo umenyooka, akapita langoni, akavuka barabara bila kuharakisha, magari yakamsubiri. Upande wa pili alisimama chini ya kibanda cha kituo, peke yake kati ya watu waliovaa rangi zao za kila siku, akatoa leso, akajifuta jasho usoni. Aliendelea kujifuta, na lile halikuwa jasho.

Kitinda alijua kwa nini furaha haiji. Mwaka mzima aliweza kupanga kuondoka kwa sababu alikuwa na hasira. Mama alimkatalia, Mama alimtukania mchumba, Mama hakumwonea huruma. Mtu wa namna hiyo unamwacha huku ukibamiza mlango. Hasira ile ndiyo iliyokuwa ikimbeba kutoka foleni moja kwenda nyingine. Sasa Mama alikuwa amesema ndiyo, ameisema mbele ya mtu aliyeiandika, na hasira ile haikuwepo tena. Viza ilikuwa yake, na ndiyo kwanza alikuwa hataki kwenda.

Fundi alikuja akasimama ubavuni mwake. Alimwuliza taratibu Mama alisema nini mle ndani, kwa nini alimtazama vile. Kule ng'ambo ya barabara gari lilikuwa linakuja, na Mama alikuwa amenyanyua mkono kulisimamisha.

"Nishike mkono," Kitinda alimwambia. "Nishike sana, nisije nikamfuata."

Fundi akamshika. Alimshika kwa nguvu mpaka vidole vikamwuma, maana na yeye alikuwa anaogopa hilo hilo.